Kovu Halina Mdomo

11 Februari

Wifi yangu,

Nimefika salama, na kichwa chako nacho nimekifikisha salama. Nasema chako kwa sababu tangu nishuke kwenye basi kaka yako hajaniuliza safari ilikuwaje. Anauliza tu kama kile kichwa alichokishughulikia dada yake kimepigwa na jua njiani. Mimi nimekuwa mbeba mzigo wa familia yenu.

Kabla sijaendelea, naomba tuandikiane, tusipigiane. Unamjua mama yenu. Simu ikilia tu anasema, "Weka sauti na mimi nisikie," na mambo ya kichwa changu sitaki yajadiliwe mezani kati ya chai na habari za majirani. Barua hataigusa, atadhani ni ya watu wa umeme.

Paji la uso lilivimba kama mlivyonionya, nikawa kama mtu aliyelalia mzinga wa nyuki. Sasa limeshuka. Kule kisogoni mlikotoa ule ukanda wa ngozi panavuta nikicheka, kwa hiyo kaka yako amepigwa marufuku kufanya utani mpaka nyuzi zitoke. Na mbele, juu ya kovu, kuna vigaga vidogo vimejipanga kama ufuta juu ya mkate, na kila kigaga kina unywele wake mlioupandikiza. Nilisimama mbele ya kioo cha bafuni nikavitazama mpaka mama akagonga mlango kuuliza kama nimezirai.

Kuna jambo nilitaka kukwambia siku ile nikashindwa. Tangu tanuri la bekari liliponilipukia, miaka mitatu sasa, kaka yako hajakiona kichwa changu. Anajua kovu lipo, alinishika mkono hospitali wakati wananifunga bandeji. Lakini nyumbani nalala na kitambaa, naoga mlango umefungwa, na mkono wake ukipanda juu ya shingo naukwepa. Hajawahi kulalamika, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nimejiahidi kwamba nywele zikishika nitakivua mwenyewe, chumbani, taa ikiwaka. Sasa unajua ulikuwa unakata nini siku nzima kwenye ile hadubini yako.

Nililala kifudifudi kwa hiyo sikuona kitu ila viatu vyenu. Vyako nilivijua. Wenzako waliinuka, wakanyoosha migongo, wakaenda kunywa maji. Vyako havikusogea. Nikajisemea, huyu mwanamke tunayemsema kuwa ni bahili hata wa tabasamu, kumbe mapenzi yake yote kayaweka kwenye ncha ya wembe. Nilijitahidi nisikuite wifi mbele ya daktari kama ulivyoniomba, ingawa sababu hukunipa.

Niambie tu, nianze lini kuzisuka?

Wifi yako,
Mama Mikate


19 Februari

Kibano,

Ningeweza kukupigia, lakini ungenitania, ningecheka, kisha ningekata simu bila kusema nililotaka kusema. Kwa hiyo nakuandikia wewe, niliyekaa nawe bega kwa bega kwenye meza ya hadubini mpaka ulipohamia kliniki ya watu wengine ukaniachia kiti kinacholia.

Nimeua nywele za wifi yangu.

Alikuja mwishoni mwa Januari. Ana kovu la moto juu ya paji, upande wa kushoto, la ukubwa wa kiganja. Daktari akatoa ukanda kisogoni, akatugawia. Yule mwenzetu mpya akapewa vipandikizi vya nyuma ya kovu, vile vya nywele mbili mbili na tatu tatu. Mimi nikaomba mstari wa mbele, wa unywele mmoja mmoja. Huo ndio unaoonekana na watu, na sikutaka mkono mwingine uuguse.

Tatizo ni kwamba nilitaka ziwe nzuri kupita kiasi. Niliikuza hadubini mpaka mwisho wake, nikawa natoa mafuta yote kandokando ya shina, nabakiza uzi na kile kijivimbe cha chini. Wewe ulikuwa ukinikataza. "Mwachie koti lake," ulisema, "anakokwenda kuna baridi." Lakini kila nilipozitazama niliziona zimelowa, kila moja imelala kwenye dimbwi lake linalometameta. Miaka yote hii, Kibano, na bado nilisahau kwamba dimbwi unaloliona ndani ya hadubini ni unyevu wa pumzi moja. Mwenzangu alizitumbukiza zake kwenye maji ya chumvi baridi kila alipomaliza chache. Mimi nikaziacha chini ya taa ili nizipange, nizilinganishe, nichague zilizo bora ziende katikati. Nilipoinua uso na kuitazama sahani kwa macho ya kawaida, zilikuwa zimekauka. Zimefifia na kujikunja kama vipande vya uzi kwenye meza ya fundi cherehani.

Nikazimwagia maji. Unajua zinavyofanya. Zikinywa zinanyooka, zinang'aa, hakuna awezaye kujua. Daktari akanyoosha mkono akasema, "Mstari wa mbele," nikampa sahani.

Nafasi ya kusema ilikuwepo. Angekata kipande kingine kisogoni tukaanza upya, mgonjwa angelala saa mbili zaidi, basi. Lakini angeniuliza fundi mzima kama mimi nimeachaje sahani ikauke, na mwishowe angejua mgonjwa ni nani kwangu. Kwetu ni mwiko kumkatia ndugu, na sasa naelewa kwa nini waliweka mwiko huo. Mkono unaopenda unakawia.

Barua yake iko hapa mbele yangu. Ananishukuru. Nimjibu nini mwanamke huyu?

Mwenzako wa meza


20 Februari

Wifi yangu mpenzi,

Nimecheka mwenyewe kama mwehu kwa habari za mama na simu. Kuzisuka usahau kwanza, hata kitana usikisogeze.

Sasa nisikilize vizuri. Wiki hizi vigaga vitadondoka, na nywele zitadondoka navyo. Utaziona kwenye mto, utaziona kwenye kitambaa. Usishtuke na usilie, kwa sababu ndivyo ilivyo kwa kila mtu. Unywele ukihamishwa unapata mshtuko, unaangusha ule wa juu, shina linabaki limelala chini ya ngozi. Kisha baada ya miezi mitatu au minne linaamka, na kinachoota kinakuwa chembamba mwanzoni kama nywele za mtoto mchanga. Kwa hiyo katikati hapo kuna muda mrefu ambao hakuna kitu cha kuona. Usisimame kwenye kioo kila siku. Subira yavuta heri.

Usikaribie tanuri mpaka daktari akuruhusu. Ulalie mto wa juu.

Hayo uliyoniambia kuhusu kaka nimeyasoma, na sina la kusema ila kwamba nimeyasoma. Msalimie. Mwambie utani asimamishe kweli.

Wifi yako wa hadubini


6 Machi

Bibi Hadubini,

Kwanza ukiandika tena uweke karatasi mbali na macho yako. Kwa vijiherufi hivyo, nusu ya barua nimeisoma kwa kubahatisha.

Pili, nyamaza. Nimekaa na barua yako wiki nzima nikiigeuza na jibu ni hilo hilo. Hujui kama zote zimekufa. Tumewahi kuona vilivyokauka vikaota na vilivyotunzwa kama mayai vikafa. Na sasa hivi zote zinadondoka, nzima na mfu pamoja, kama ulivyosoma na kama nilivyosoma, na hakuna daktari duniani atakayezitofautisha kabla ya miezi kupita. Utakwenda kumwambia mtu nini leo, kwamba anacholala akikiota huenda hakitakuja? Umwache aote ndoto yake.

Na zisipoota, ni kovu. Ngozi iliyoungua damu yake haba, hilo hata wifi yako alielezwa kabla hajalala mezani. Daktari atalisema mwenyewe bila wewe kufungua mdomo. Kovu halina mdomo, shoga yangu, halitabisha.

Ukisema utafukuzwa. Mwiko wa ndugu umeuvunja, sahani umeikausha, daktari umemnyamazia. Ukishafukuzwa, nywele zake zitaota? Mimi mwenyewe nilimkatia mzee mmoja mwenye mvi tupu, nywele nyeupe kwenye mafuta meupe, nikakata mashina kama nakata vitunguu. Leo ananitumia salamu. Kuteleza si kuanguka.

Nimeyaandika haya mchana, na nilipoyasoma tena jioni sikuyapenda. Lakini sijapata mengine.

Kibano


14 Septemba

Wifi,

Kila nilipokuuliza ulinijibu subira, na mimi nikasubiri kweli. Juni nilikuandikia kwamba sioni kitu, ukasema wengine huchelewa. Julai ukasema ngozi ya kovu ina mwendo wake. Sasa nimetoka kwa daktari. Nilikuja huko asubuhi nikaondoka jioni, wakaniambia umechukua likizo wiki hiyo. Nilitamani nikuone, lakini naona ilikuwa bora hivyo, kwa sababu yaliyo humu nisingeweza kuyasema nikikutazama.

Kovu langu lina ubaguzi. Huku nyuma, linapokutana na nywele zangu za asili, zimeota. Nzuri, nyeusi, unaweza kuzishika. Lakini mbele, ule mstari wenyewe, ni uwanja mtupu. Unywele mmoja hapa, mwingine kule, kama watu waliokuja kwenye mkutano siku isiyo yake. Daktari alipiga picha, akabonyeza bonyeza kwa kidole, akasema kovu limekataa. Akasema kisogoni bado kuna ngozi ya kutosha kwa mara moja nyingine, moja tu, ila haoni sababu ya kuipoteza kwenye udongo usiozaa. Akaniuliza kama nilifuata masharti yote. Nikasema ndiyo.

Wifi, nilimdanganya. Nyuzi zilipotoka tu, msaidizi wangu aliugua, oda ya harusi ilikuwa imeshapokelewa, na mimi nikarudi kwenye tanuri kabla sijaruhusiwa. Siku tatu nzima, kichwa ndani ya joto, jasho linatiririka chini ya kitambaa. Mlango wa tanuri unapofunguka joto linapiga hapo hapo, usawa wa paji. Huku nyuma kitambaa kilikuwa kinene, pakasalimika. Nimepiga hesabu mwenyewe na kila nikiipiga inatoka hivyo hivyo. Si kovu lililokataa. Ni mimi niliyezioka.

Uliniandikia waziwazi nisikaribie tanuri. Uliinama juu ya nywele zangu mpaka shingo yako ikakakamaa, na mimi nikazibeba nikaenda kuzichoma kwa ajili ya keki ya watu nisiowajua. Haraka haraka haina baraka, nawaambia wasaidizi wangu kila siku, na mwenyewe sikusikia. Kaka yako sijamwambia. Nimeona wa kwanza kuombwa msamaha ni wewe, kwa sababu kazi ilikuwa ya mikono yako.

Nisamehe, wifi. Ukinisamehe nitaweza kumwambia na yeye.

Wifi yako,
Mama Mikate


25 Septemba

Wifi yangu,

Barua yako nimeipata. Usijitese. Sisi sote ni binadamu, na kazi ni kazi, oda ya watu huwezi kuiacha.

Nimekusamehe. Usilifikirie tena.

Wifi yako wa hadubini


10 Oktoba

Wifi,

Asante. Maneno yako machache yalinitosha, niliyakunja nikayatia kwenye pochi, na nilipopata nguvu nikamwambia kaka yako.

Sikutegemea angelichukua vile. Unamjua, mtu wa mizaha, bomba likipasuka kwenye nyumba ya mteja anaanza kwa kuuliza nani alikuwa anaogelea. Safari hii hakufanya mzaha. Kisha akasema, "Dada yangu aliinama siku nzima kwa ajili yako, na wewe wiki chache zilikushinda." Akatoka kwenda kazini. Tangu siku hiyo hajapandisha sauti, hajaninunia mbele ya mama, anakula, anaaga. Ameacha kunitania tu. Sikujua kwamba nyumba inaweza kuwa kimya hivi na watu wamo ndani.

Na ana haki. Nilimficha kichwa miaka mitatu akavumilia, kisha nilipopewa njia ya kukifunua nikaitia moto mwenyewe. Anadhani sikutaka kweli. Jana usiku aliniuliza hivyo, taa imezimwa, kama nilikuwa natafuta sababu ya kubaki na kitambaa. Nikajiuliza na mimi, maana mtu anayezitaka nywele zake haendi tanurini.

Kliniki walinipigia kuuliza kama hata hivyo nataka kujaribu ile nafasi ya pili. Nimewaambia hapana. Ngozi ya kisogo iliyobaki ni ya mara moja tu, na mtu kama mimi hapewi kitu cha mara moja. Bekarini nimemwachia msaidizi tanuri, mimi napima unga na kupokea wateja. Nimejishonea vitambaa vipya, vya rangi nzuri, utavipenda.

Wewe uliyenisamehe bila hata kunigombeza, Mungu akulipe.

Wifi yako,
Mama Mikate


18 Oktoba

Wifi,

Isome barua hii ukiwa umekaa, na mama asiwe karibu.

Hukuziua wewe. Zilikuwa zimekufa kabla hazijaingia kichwani mwako. Nilizikausha mimi, kwenye sahani, chini ya taa ya hadubini, siku ile ile uliyokuwa ukivitazama viatu vyangu ukaona havisogei. Wenzangu walisogea kwa sababu walikuwa wanakwenda kuziweka zao kwenye maji. Mimi nilikaa nikizipendezesha zako. Nilizimenya mpaka zikabaki hazina kitu cha kuzilinda, nikazipanga kwa uzuri kama mtu anayepanga shanga, na zilikuwa zinakufa mbele ya macho yangu yaliyokuzwa mara nyingi kuliko macho ya mtu yeyote chumbani mle. Nilipogundua nilizimwagia maji, nikampa daktari, nikanyamaza. Angeweza kukata nyingine siku hiyo hiyo. Niliogopa aibu na niliogopa kazi yangu. Tena nilikuwa nimemficha kwamba wewe ni mke wa kaka yangu, kwa sababu haturuhusiwi kumkatia ndugu. Ndiyo maana nilikuomba usiniite wifi.

Zilizoota nyuma alizikata mwenzangu, msichana ambaye hajamaliza hata mwaka hapa. Ule mpaka unaouona kati ya nywele na uwanja mtupu ni mpaka kati ya sahani yake na yangu. Kovu lako halina ubaguzi. Limepokea kila kilicho hai lilichopewa.

Na tanuri halina kosa. Nyuzi zinapotolewa shina limeshashika, jasho linakera tu, haliui. Nililijua hilo nilipoisoma barua yako. Nililijua mstari kwa mstari.

Likizo ile ya Septemba niliichukua nilipoliona jina lako kwenye orodha ya wagonjwa wa wiki.

Leo asubuhi nilimwambia daktari, kabla ya kukuandikia, ili nisije nikakuandikia wewe nikamwogopa yeye. Alifunga mlango. Akazitoa picha zako, akaniambia nimwonyeshe sahani yangu ilianzia wapi, nikamwonyesha kwa kalamu. Akasema, "Kwa hiyo ngozi inazaa," na akasema atakupigia mwenyewe, na kwamba gharama ya mara ya pili kliniki ndiyo itakayoibeba. Kwangu hakusema mengi. Hadubini nimeondolewa. Nipo chumba cha kuosha vyombo vya upasuaji, na nikifukuzwa mwisho wa mwezi sitashangaa.

Wifi, usiikatae hiyo mara moja iliyobaki. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ningeweza kuishi nawe ukinichukia, lakini siwezi kuishi ukipima unga mbali na tanuri kwa kosa ambalo si lako, na kaka yangu amekaa kimya upande wa pili wa kitanda. Ndani ya bahasha hii kuna barua niliyomwandikia kaka. Sikuifunga. Isome kwanza, uone kama nimemficha kitu, kisha umpe.

Nilipokuwa mdogo kaka alikuwa akinilinda nisipigwe hata pale nilipokuwa na makosa. Nimemwomba safari hii asinilinde.

Sijui kuomba msamaha kwa uzuri. Nilijua kufanya kitu kimoja tu kwa uzuri, na ndicho kilichokuumiza.

Wifi yako


9 Novemba

Nimechelewa kukujibu kwa sababu mara tatu nilianza na mara tatu niliandika mambo ambayo mama yenu akiyaona atazirai yeye.

Barua yako niliisomea bafuni, mlango umefungwa, nimekaa juu ya ndoo. Nilipomaliza nilifungua mlango nikaenda moja kwa moja kwa kaka yako. Alikuwa sebuleni anatengeneza koki kuukuu. Nikampa zote mbili, yake na yangu, nikasimama mbele yake na hasira yangu mpaka amalize kusoma. Alisoma polepole, unamjua na kusoma. Kisha akainua uso na akabaki ananitazama, si machoni, juu kidogo. Ndipo nikakumbuka kwamba kitambaa nimekiacha kwenye msumari wa bafuni.

Mkono ulitaka kupanda kujifunika lakini ulikuwa umeshika bahasha. Akasimama, akaweka koki chini, akaja karibu. Akasema, "Ni hapa tu?" Miaka mitatu alikuwa amelifikiria kovu linaloanzia kwenye nyusi na kuishia kisogoni. Aliponigusa sikusogea. Alilia yeye, mimi sikulia, nilikuwa bado nina hasira nawe na sikutaka kuichanganya na kitu kingine. Ameanza tena utani wake mbaya. Aliniomba radhi kwa yale ya tanuri, na mimi nikamwambia alidanganywa kama nilivyodanganywa.

Barua yako kwake anayo. Anasema atakujibu akipata maneno, nami sijui lini.

Sasa mimi na wewe. Nywele nimekusamehe. Si siku hiyo, wala wiki hiyo. Nilirudi tanurini nikaukanda unga kuliko unavyotaka, na mikate ikatoka migumu, wateja wakanung'unika. Lakini kazi ya mkono naijua. Nimewahi kuunguza trei nzima ya mikate kwa sababu nilitaka irembeke kidogo zaidi, kisha nikaigeuza upande mzuri juu nikauza. Sahani ikikauka imekauka. Woga wako nao nimeuelewa, hata ule wa likizo.

Lakini kuna ile barua yako ya Septemba. Barua ya tarehe kumi na nane nimeisoma mara nyingi nikitafuta umeitaja wapi, na hukuitaja. Umekiri sahani, umekiri daktari, umekiri likizo. Ile umeiruka. Nilikuja kwako nimepiga magoti kwa kosa lako, na wewe ulijua kwamba ni lako, na ukanisamehe. Ukasema nisilifikirie tena. Karatasi ile nilitembea nayo kwenye pochi, nikiisoma kila nilipojichukia, na nilikuombea dua kwa ajili yake. Nifanye nini nayo? Kunikosea ningejua namna ya kukusamehe. Kwa kunisamehe sijui.

Daktari alinipigia. Nimekubali, nitakuja Januari. Aliniuliza kama nina ndugu wa kunisindikiza siku hiyo. Nikamwambia ninaye, yuko hapo hapo kwake, chumba cha kuosha vyombo, na kama atakuwa ameshafukuzwa basi aitwe.

Wembe hutaushika, na chumbani hutaingia. Utakaa nje kwenye benchi, na ndugu za wagonjwa wengine, mikono mitupu, bila kuona chochote, mpaka wamalize. Siahidi kwamba nitakapotoka nitazungumza nawe. Lakini nitatazama kama upo.

Mke wa kaka yako